Ulinzi wa Kiswahili na maji ya London

Kwa zaidi ya miaka kumi niliamini, kwa moyo mmoja na bila ya haya, kwamba maji ya bomba ya London yanafuta Kiswahili kichwani mwa mtoto. Aliyeniambia ni Bwana Feruzi, Mzanzibari mwenzangu aliyekuwa akiendesha basi hapa Tottenham, na dereva wa basi katika mji huu hujua kila kitu, hata asichokijua. Alinieleza nje ya msikiti, Ijumaa moja baada ya sala, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya serikali.

"Wanatia dawa, yakhe. Mtoto akifika miaka saba, basi. Kiswahili chote kinatoka na mkojo."

"Wewe umejuaje?"

"Ninao wanne nyumbani. Njoo uwatazame."

Nilikwenda nikawatazama. Wote wanne walinijibu kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata mwanangu Rukia, aliyekuwa akizungumza kama kasuku wa sokoni, akatimiza miaka saba, na yeye akahamia Kiingereza moja kwa moja. Nikimwambia alete kijiko, analeta, lakini jibu ni la Kiingereza. Nikajiambia neno hakulielewa, amefuata tu kidole changu kilichoelekea kijiko. Ushahidi gani zaidi mtu anautaka?

Nimestaafu mwezi uliopita, na nyinyi wadogo zangu mnaoshika firimbi ya ukocha sasa mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, maana hazina ladha na mtasinzia. Nitaandika habari za nyasi, za ulinzi, na za kosa moja ambalo nusura liifunge klabu yetu. Maji ya London yamo ndani ya kosa hilo, kwa hiyo vumilieni.

Nilifika mji huu kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi, na sanduku moja na koti lisiloweza kuzuia hata upepo wa feni. Nilifanya kazi kumi na saba kabla ya kupata ya kutunza viwanja vya chuo. Mke wangu husema zilikuwa nne. Jioni nilikwenda skuli ya usiku, na huko nikapata vyeti viwili: kimoja cha nyasi, kimoja cha hesabu. Cha nyasi ndicho kilichonipa kazi. Cha hesabu nilikitundika ukutani bila kujua kitanifaa nini, mpaka siku walipokuja wale wanafunzi sita.

Ilikuwa miaka ya themanini. Walinikuta bandani natengeneza mashine ya kuchorea mistari, ile yenye gurudumu na ndoo ya rangi nyeupe. Wakaniambia wanataka uwanja wangu mmoja uchorwe mistari kila baada ya yadi tano, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Mnataka kupanda mihogo?" nikawauliza.

Wakasema la, wanaanzisha timu ya mpira wa Kimarekani. Mie nilikuwa nimeuona kwenye televisheni mara moja. Nilidhani ni ugomvi, nikasubiri polisi waje. Lakini kazi ni kazi. Nilichora mistari iliyonyooka kiasi kwamba ndege za abiria zingeweza kutua. Siku ya mazoezi nikabaki pembeni na kikombe cha chai nione wanavyoiharibu.

Hapo ndipo nilipokutana na mwalimu wangu, Kocha Lemuel. Alikuwa Mmarekani aliyekuja Uingereza kama askari, akaoa hapahapa, akabaki. Kabla ya hapo aliwahi kufundisha ulinzi katika chuo kidogo cha kwao, mahali ambapo, kwa maelezo yake, watu wote wa mji huenda uwanjani Jumamosi na maiti tu ndio hubaki nyumbani. Magoti yake yalikuwa yamekufa zamani. Alitembea na fimbo mbili, na akikasirika alibaki na moja, kwa sababu ya pili ameirusha.

"Wewe mchora mistari," akaniita siku ile ya kwanza. "Unatazama nini?"

"Natazama mpira."

"Kosa la kwanza. Mpira ni muongo. Kila mtu uwanjani anataka kukudanganya kuhusu mpira. Tazama kiuno. Kichwa hudanganya, mabega hudanganya, miguu hudanganya. Kiuno kinakwenda pale mtu anapokwenda."

Nikatazama viuno. Wallahi, mchezo mzima ulifunguka kama mlango uliopakwa mafuta.

Kwa wale ambao bado ni wageni wa kazi hii, mambo ni mepesi kuliko yanavyoonekana. Watu kumi na mmoja wanashambulia, kumi na mmoja wanalinda. Washambuliaji wana majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Wakifaulu, wanapewa mengine manne. Wakishindwa, mpira unakuwa wetu. Anayeamua kila kitu upande wao ni yule anayesimama nyuma ya mstari na kupokea mpira kwanza. Wenyewe humwita kotabeki. Anaweza kurusha, anaweza kumpa mwenzake, anaweza kukimbia nao. Sisi walinzi tuna sekunde tatu za kujua ni lipi kati ya hayo. Kazi yote ya kocha wa ulinzi ni kuiba sekunde moja kati ya hizo tatu.

Lemuel alinifundisha bandani, juu ya mfuko wa mbolea uliolazwa kama meza, kwa vizibo ishirini na viwili vya soda. Vyekundu walinzi, vya kijani washambuliaji. Wanne mbele, watatu katikati, wanne nyuma: huo ndio mpangilio wa kwanza tuliojifunza. "Kila mwanya una mwenyewe," alikuwa akisema, akipitisha kucha yake baina ya kizibo na kizibo. "Mwanya wako ni nyumba yako. Mtu akipita kwa jirani, mlaumu jirani. Akipita kwako, usirudi hapa bila ya barua ya kujieleza."

Cheti changu cha hesabu kikapata kazi siku aliyojaribu kuwaeleza vijana namna ya kumkimbiza mtu aliyechomoka pembeni. Alisema, akarudia, akarusha fimbo. Vijana waliendelea kumfukuza mtu kutokea nyuma, kama kuku wanaomfuata mwenye mahindi. Nikaomba ruhusa. Nikachukua mashine yangu nikachora pembetatu uwanjani, kubwa, kwa rangi ya chuo. Nikawaambia: yule anakimbia kwenye upande huu, wewe kimbia kwenye huu mwingine, mtakutana hapa kwenye ncha. Usiende alipo. Nenda atakapokuwa. Wakajaribu mara tatu, wakamkamata mara tatu.

Lemuel akaiangalia ile pembetatu kwa muda mrefu. "Nani kakufundisha?"

"Skuli ya usiku."

"Kesho njoo na firimbi."

Hivyo ndivyo mtunza viwanja alivyogeuka kocha msaidizi wa ulinzi. Lemuel alipofariki, Mungu amrehemu, nikaachiwa ulinzi wote. Asubuhi nikawa nakata nyasi, alasiri nafundisha watu kuangushana juu yake.

Katika vijana wote niliowafundisha, na hesabu yangu inafika elfu tano ingawa katibu wa klabu anasema mia tatu, aliyenisumbua zaidi ni Gurpreet. Baba yake alikuwa na duka la vyombo vya nyumbani Woolwich, nao ni Masingasinga waliotokea Kisumu. Kijana huyu alikuwa na mabega ya mlango wa ghala, kilemba chake kidogo kimekaa chini ya helmeti niliyoitafuta mji mzima kwa sababu ilibidi iwe kubwa kwa saizi moja. Mbio anazo, akili anazo. Ugonjwa wake ulikuwa adabu. Kila akimwangusha mtu anaomba radhi, na kwa kuwa anajua ataomba radhi, anamwangusha polepole, kama anayemlaza mtoto.

"Gurpreet, mwanangu, unafanya nini?"

"Nimemwumiza, kocha."

"Hujamwumiza. Umemtandikia kitanda!"

Nilijaribu ukali, nilijaribu mzaha. Mwisho nikafikiri kama mtu wa kwetu: adabu haing'olewi, hupangiwa wakati wake. Nikamwambia, "Omba radhi kabla. Ukisimama kwenye mstari, mtazame mwenzio, mwambie samahani, halafu deni huna." Jumamosi iliyofuata alisema samahani mara thelathini, na washambuliaji wakaanza kuogopa neno hilo kuliko tusi. Mwaka wa pili nikamfanya nahodha wa ulinzi, mlinzi wa katikati kabisa, anayepokea amri kutoka kwangu na kuwapa wenzake.

Sasa nakuja kwenye amri zenyewe. Timu zote za vyuo hapa zilijifunza kutoka kwenye vitabu vilevile vya Kimarekani. Nikipiga kelele jina la mpangilio, kocha mwenzangu ng'ambo ya uwanja analijua, na kotabeki wake anabadilisha shambulizi papo hapo. Makocha wengine hutumia ishara za mikono, wanajikuna masikio na kujipiga mapaja kama waliovamiwa na siafu. Mie nikasema, kwa nini nijikune na lugha ninayo?

Nikatunga amri za Kiswahili. "Funga mlango": walinzi wa pembeni wasimruhusu mtu kutoka nje. "Kaeni kitako": kila mmoja arudi alinde eneo lake, asimfuate mtu. "Ingieni nyote": watu saba wamvamie kotabeki kwa pamoja. Na ile niliyoipenda kuliko zote, ya kumganda kila mpokeaji popote aendapo: "Mfuate hata chooni."

Gurpreet alizishika kwa siku moja na kuwakaririsha wenzake, maana bibi yake nyumbani aliongea Kiswahili cha Kisumu, hasa cha kuamrisha. Nilimuuliza mbona yeye hayakumpata yale maji. Akaniambia bibi alimlea kwa chai. Nikaelewa mara moja. Chai ni maji yaliyochemka, na dawa ikichemka hufa. Hata hilo nalo nililitia kwenye ushahidi.

Kocha Lemuel angekuwa hai angenirushia fimbo zote mbili. Alinionya zamani: jina la amri lisifanane na kazi yake, maana siku moja utasikiwa na mtu usiyemdhania. Lakini mie nilijiambia nani atanisikia? Wazee wetu wa Kiswahili hawachezi mpira huu, wana migongo. Vijana waliozaliwa hapa maji yameshawamaliza. Nilikuwa na lugha nzima peke yangu, kama mtu aliyekodi bahari.

Msimu wa kwanza wa Kiswahili tulizuia timu ambazo zilikuwa zikitufunga kwa mazoea. Makocha wenzangu walikuja kuniuliza hiyo ni lugha ya wapi. Mmoja nilimwambia ni Kilatini cha kusini. Aliandika.

Rukia wakati huo alikuwa ameingia chuoni kwetu, anasomea mambo ya picha. Alijitolea kupiga video za mechi zetu, amesimama juu ya jukwaa la mabomba nililomtengenezea kwenye mstari wa katikati. Mie namsemesha kwa Kiswahili, nikidhani anakisia tu, yeye ananijibu kwa Kiingereza, na hayo yalikuwa mazungumzo yetu kwa miaka kumi na mbili. Nilikuwa nimeshakubali. Mtu hagombani na bomba.

Msimu wa pili ndio ulioniumbua. Wengi wa vijana wetu walikuwa wamehitimu, wageni hawajakomaa, na tukaanza kufungwa. Kisha mkuu wa michezo wa chuo akaniita. Alikuwa mama mwenye maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi.

"Bwana Haji, mwakani tuna klabu nyingi kuliko viwanja. Timu yenu ikishika mkia msimu huu, klabu inafungwa. Uwanja watapewa watu wa mpira wa magongo."

"Na vijana wangu?"

"Watatafuta mchezo mwingine."

Nilitoka pale nikatembea mpaka katikati ya uwanja. Pana kipara kidogo pale ambacho nimekipanda mbegu mara mia na hakioti, kwa sababu ndipo miguu ya Lemuel na fimbo zake zilipokuwa zikisimama. Vijana thelathini na wawili. Gurpreet na samahani zake. Mchezo mwingine!

Ratiba ikatuletea mechi ya mwisho na timu ya chuo kimoja cha kusini ya mto, nao wakiwa na pointi sawa na sisi. Atakayefungwa anashika mkia. Na hao ndio waliokuwa wametufedhehesha mwanzoni mwa msimu. Kotabeki wao, namba saba, kijana mrefu mweusi mwenye shingo ya twiga, alicheza siku ile kama amelala chumbani kwangu. Nikileta wavamizi, ameshautoa mpira. Nikiwarudisha nyuma, anakimbia mbele pasipo na mtu. Nilishuku majasusi. Daftari la mipango nikalificha bandani ndani ya mfuko wa mbolea, na nikabadilisha kufuli mara mbili. Jambo la kubadilisha lilikuwa mdomo wangu, lakini nani angeniambia?

Basi ikafika Jumamosi yenyewe, uwanjani kwetu, mawingu ya London yamekaa juu ya vichwa vyetu kama dari. Kipindi cha kwanza ni yaleyale. "Kaeni kitako!" namba saba anakimbia mwenyewe yadi kumi na mbili. "Ingieni nyote!" anarusha mpira mfupi juu ya vichwa vya wavamizi, bao, pointi saba pamoja na teke lake la nyongeza. Baadaye wakapiga teke likapita kati ya nguzo, pointi tatu. Kumi kwa sifuri. Nilimwona mkuu wa michezo pembeni na mwavuli wake, na karibu naye bwana mmoja wa mpira wa magongo akiupima uwanja wangu kwa macho.

Mapumziko, nikawa nachora kwenye ubao bila ya kujua nachora nini. Rukia akashuka kwenye jukwaa lake, akaja mbio na kamera shingoni.

"Baba, namba saba anaelewa unachosema," aliniambia kwa Kiingereza chake.

"Haiwezekani."

"Nimemtazama kwa kamera kipindi kizima. Kabla ya kila mchezo hawatazami walinzi wetu. Anageuza sikio kwako, anasubiri upige kelele, halafu ndipo anawapanga wenzake."

"Sauti yangu nzuri. Lakini haelewi. Mzaliwa wa hapa huyo, sikia anavyoongea. Maji..."

"Baba! Uliposema wamfuate hata chooni, alicheka. Peke yake. Alicheka palepale ninapocheka mimi."

Nilifungua mdomo nimuulize kilichomchekesha yeye, na refa akapiga firimbi ya kuturudisha uwanjani. Lile swali nililimeza. Nilikuwa na dakika moja tu na klabu nzima mkononi. Nikamshika Gurpreet kwenye kamba za helmeti.

"Sikiliza. Maneno ni yaleyale, maana yake nimeigeuza. Nikisema ingieni, kaeni. Nikisema kaeni, ingieni."

"Na mlango?"

"Nikisema fungeni, uacheni wazi, lakini wewe simama nyuma yake."

Akawaeleza wenzake. Mmoja akauliza kama kuna karatasi. Hakuna karatasi.

Mara ya kwanza mpira ulipokuwa wao nikavuta pumzi nikapiga ukelele uliosikika mpaka stesheni: "Ingieni nyoteee!" Namba saba akabadilisha haraka, akautoa mpira mfupi katikati, mahali ambapo wavamizi wangekuwa wameondoka. Gurpreet alikuwa amekaa palepale kama mteja aliyewahi foleni. Akaudaka. Alikimbia yadi arubaini mpaka mwisho, nami nikakimbia naye pembeni mwa mstari, na nasema kweli tupu kwamba nilimpita. Kumi kwa saba.

Mara ya pili nikawaamuru wakae kitako, wakaingia wote, wakamlaza namba saba kwenye tope. Alipoinuka aliniangalia. Nikampungia mkono. Baadaye washambuliaji wetu, ambao kwa kawaida hawakuweza kushambulia hata sahani ya wali, wakapata bao. Kumi na nne zetu, kumi zao, na dakika chache zimebaki.

Lakini shingo ile ya twiga ilikuwa na kichwa juu yake. Alishagundua. Shambulizi lao la mwisho alinisikiliza, akafanya kinyume cha kinyume, wakasogea, wakasogea, mpaka wakawa yadi sita kutoka kwenye mstari wetu wa bao, jaribio la nne. Mchezo mmoja umebaki. Wakifika, sisi tumeshika mkia na klabu imefungwa.

Nikaomba muda. Gurpreet akaja, tope mpaka kwenye ndevu.

"Tuseme nini, kocha? Tugeuze tena?"

Mie ni mtu wa maneno, mnanijua. Nimewahi kumhutubia daktari wa meno akiwa na mikono mdomoni mwangu. Lakini pale nikaona jambo. Yule kijana mechi mbili nzima amejifunza kusoma mdomo wangu. Ulinzi wetu hajawahi kuusoma, hakuwa na haja.

"Sisemi kitu," nikamwambia. "Amua wewe. Tazama viuno."

"Kocha, mimi?"

"Wewe. Mwanya wako, nyumba yako."

Akarudi. Wakajipanga. Namba saba akageuza sikio kwangu. Nikafunga mdomo. Akasubiri. Nikamtabasamia. Saa inahesabu, wenzake wanamtazama, na yeye bado ananingoja nipige kelele. Nyuma yangu mchezaji wetu mmoja wa akiba akaninong'oneza, "Mista Haji, unaumwa?" Mwisho ikambidi aombe mpira bila ya kujua lolote. Akaupokea, akajifanya atarusha, kichwa huku, mabega huku, kiuno kule. Gurpreet hakutazama kichwa. Walikutana yadi mbili kutoka mstarini, na mlio wake, wachezaji waliokuwepo watawaambia, ulivunja kioo cha gari Tottenham High Road.

Kisha tukasikia sauti moja kutoka chini ya rundo: "Samahani!"

Firimbi. Vijana waliniinua begani, wakaniangusha, wakaniinua tena. Yule bwana wa mpira wa magongo hakungoja kuaga. Mkuu wa michezo akaja akanipa mkono, akasema, "Tutaonana mwakani," na kwa mtu wa maneno machache hiyo ilikuwa hotuba.

Namba saba naye akaja, anachechemea, helmeti mkononi. Akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba, we mwizi!" nikamwambia. "Kumbe nani wewe?"

Mengine akayaeleza kwa Kiingereza. Mama yake mtu wa Mombasa, nesi, wanakaa Thornton Heath, na nyumbani mama haongei kingine. Mechi ya kwanza aliposikia "funga mlango" alidhani mama yake amekuja uwanjani. Akacheka, akasema kwa Kiswahili, "Hata chooni, kocha?" akaenda zake kwenye basi lao.

Watu walipotawanyika nilikwenda bandani kuosha chupa za wachezaji kwenye bomba. Rukia alikuwa pale, anafuta kioo cha kamera. Sasa nilikuwa na nafasi ya lile swali nililolimeza, lakini imani ya miaka mingi haiondoki kwa siku moja, na mie bado nilikuwa naitafutia mlango.

"Yule kijana," nikasema, "huenda mama yake alimlea kwa maji ya chupa."

Rukia akaiweka kamera juu ya mfuko wa mbolea. Akafunga bomba. Na alipozungumza, alizungumza Kiswahili, chetu, cha Unguja, kila neno limekaa mahali pake, kwa sauti ambayo mara ya mwisho niliisikia alipokuwa hajaota meno ya ukubwani.

"Baba, maji hayana dawa yoyote. Kiswahili nakielewa chote, na sijakisahau hata siku moja. Nilipokuwa mdogo kila nikikosea neno mlicheka, wewe na Bwana Feruzi, mkanitaka nirudie, mkawaita na majirani waje wasikie. Ndipo nikaacha kusema. Hayakuwa maji, baba. Mlikuwa nyinyi."